Nani Atachota Maji

Msichana aliyemaliza darasa la saba kijijini kwetu mwaka 1977 alikuwa na njia za kuhesabu. Sekondari za serikali zilichukua wachache mno, na katika darasa letu hakuchaguliwa hata mmoja. Wengine waliolewa. Wengine walikwenda kuchuma chai au kubandua magome ya miwati kwenye mashamba makubwa ya Njombe. Waliobaki walilima mahindi, viazi na pareto pamoja na mama zao. Njia nyingine ilikuwa uuguzi wa daraja B, uliopokea wenye cheti cha darasa la saba, na hospitali za misheni zilizokuwa na vyuo vyao zilichagua wanafunzi kwa mtihani na usaili.

Nimestaafu sasa, na wasichana wa mtaani wananijia kuomba ushauri. Siku hizi wanaomba chuo kwa mtandao, wakiwa na ufaulu wa kidato cha nne katika biolojia, kemia na fizikia. Wanaposikia kwamba mimi nilifanyiwa mtihani wa kuingia, huniuliza nilijiandaa kwa vitabu gani. Vitabu vilikuwa vichache kweli, lakini havikuwa shida yangu kubwa. Shida ilikuwa saa. Msichana wa miaka kumi na saba hakuwa na saa hata moja ya mchana aliyoweza kuiita yake, na mtihani ule ulitaka saa nyingi. Nikiulizwa nani alinifaulisha, nawataja watu walionipa saa zao, na namkumbuka mwenzangu ambaye hakupata wa kumpa.

Tangazo lilisomwa kanisani Aprili 1979, wiki ile ile redio ilipotangaza kwamba majeshi yetu yameingia Kampala. Watu walikuwa na mambo makubwa ya kuzungumza. Vijana kadhaa wa kata yetu walikuwa wamekwenda vitani na mgambo, na kila familia ilikuwa ikisubiri habari. Katekista alisoma karatasi ya chuo cha uuguzi kwa haraka, baada ya kutangaza ndoa: cheti cha darasa la saba, barua ya paroko, barua ya balozi wa nyumba kumi kuthibitisha tabia, na mtihani wa Hesabu, Sayansi, Kiswahili na Kiingereza, utakaofanyika Agosti. Wengi hawakusikiliza. Mwenzangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, alinifinya mkono kwa nguvu hadi ukaniuma.

Yeye ndiye aliyeutaka uuguzi kabla yangu. Tangu tulipokuwa darasa la tano, mtoto akijikata na jembe alikuwa anapelekwa kwake kabla ya kupelekwa kwa mwalimu. Aliosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa, kama tulivyofundishwa wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, wakati watu wazima walipokaa makundi makundi kusikiliza redio na kisha kwenda kuchimba vyoo. Sisi watoto tulikaa nyuma yao tukisikiliza. Yeye hakusahau alichosikia.

Daftari lilitoka kwa mama mdogo. Alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya misheni yenye chuo hicho: anafua mashuka, anamwaga vyungu, anasukuma machela. Hakuwa muuguzi, lakini aliwajua wanafunzi wote, na mmoja aliyemaliza alimwachia daftari lake nene lenye jalada la kijani. Alilileta limefungwa kwenye kanga, akamkabidhi mama yangu na si mimi, akasema, "Dada, huyu mtoto asikose. Mimi nilikosa kwa sababu hakuna aliyeniambia siku yenyewe."

Kila kitu kilikuwa ndani ya daftari lile. Mifupa 206 ya mtu mzima. Vyumba vinne vya moyo na njia ya damu kwenda mapafuni na kurudi. Namna ya kutandika kitanda huku mgonjwa akiwa amelala juu yake. Mapigo ya moyo ya mtu mzima na ya mtoto mchanga. Tabu ni kwamba mwenyewe alinakili sehemu kubwa kutoka kitabu cha zamani cha Waingereza, kwa hiyo joto liliandikwa kwa Farenhaiti, na dawa kwa greni na aunsi, ilhali nchi ilikuwa imeshahamia kwenye gramu na lita. Nilijifunza kila kitu mara mbili. Toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9: 98.6 inakuwa 37. Greni 15 ni karibu gramu moja. Niliandika vipimo vipya kwa penseli pembeni mwa vile vya zamani, na hata leo nikisikia joto la mtoto ni 39, akili inaniletea 102.2 bila kuiuliza.

Hesabu nilifundishwa na mganga wa zahanati yetu. Naye aliingia chuoni kwa cheti cha darasa la saba, akasoma miaka mitatu, akaletwa kwetu na sanduku la dawa na baiskeli. Alikuwa mkali. Kwetu juu baridi iliwazuia mbu, lakini watu walioshuka kulima mpunga Usangu walirudi na homa, na dawa ilikuwa klorokwini. Kila mtu alijua dozi ya mtu mzima: vinne, vinne, viwili. Mganga hakutaka niikariri. Alitaka nijue ilikotoka. Kidonge kina miligramu 150. Kila kilo ya mwili inahitaji miligramu 25 kwa siku tatu: 10, 10, kisha 5. Mtu wa kilo 60 anahitaji 1,500, ndiyo vidonge 10. Haya, mtoto wa kilo 12?

Nilikaa na swali hilo kwenye benchi la zahanati mpaka wagonjwa wakaisha. Miligramu 300 kwa jumla, yaani vidonge viwili. Lakini kwa siku tatu? 120, 120, 60. Hakuna kidonge kinachokatika hivyo. Mganga alichukua wembe, akanionyesha robo tatu, robo tatu, nusu, akavipanga kwenye karatasi. "Sasa umweleze mama yake," akasema, "naye hajui kusoma, na nyumbani hakuna taa." Nilipoanza kumweleza kwa maneno ya daftari alinikatiza. Akavikunja vipande vile katika karatasi tatu, ya kwanza na ya pili akazikunja sawasawa, ya mwisho akaikunja ndogo zaidi, akamwambia mama yule aanze na kubwa, siku moja karatasi moja. Kisha akanigeukia: "Ukikosea nukta hapa, umempa mtoto mara kumi. Huruma yako haitamsaidia." Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001, vimelea vilipokwisha kuizoea. Katika miaka yangu yote wodini, kila dawa mpya niliipitishia kwenye benchi lile.

Mambo hayo yote yalikuwepo: daftari, mganga, benchi. Lakini nani angenipa nafasi ya kwenda?

Kijiji chetu kilihamishiwa kando ya barabara mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Shule ilisogea karibu, zahanati ikajengwa, na hilo lilikuwa jema. Chemchemi haikuhama. Ilibaki bondeni, kwenye mahame, na njia ya kuiendea ilirefuka kwa kila mwanamke na kila msichana wa kijiji. Serikali ilikuwa imejiwekea mwaka 1971 mpango wa miaka 20 kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake. Tuliusikia shuleni, tukauimba. Mwaka 1979 bomba lilikuwa halijaonekana. Tuliamka gizani, tukashuka na ndoo, tukapanda nazo, na jioni tukarudia. Katikati ya safari hizo mbili kulikuwa na kuni, jiko, wadogo zetu, na kuanzia Juni kulikuwa na mahindi: kuvuna, kubeba, kumenya, kupukuchua. Mtihani ulipangwa Agosti. Aliyeupanga hakuwa mkulima.

Mama ndiye aliyelisema. Baba alikuwa ameketi nje na kaka yangu mkubwa, wanatengeneza mpini. Mama akasema, "Huyu binti anasoma usiku tu, na mafuta ya taa hayapo. Akisinzia mchana namgombeza, na kazi ni mimi ninayempa. Mniambie nifanye nini." Baba alimaliza kuuchonga mpini ule. Kisha akamwambia kaka, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maji utachota wewe mpaka mtihani upite."

Kaka alikuwa na miaka zaidi ya ishirini. Siku za kwanza alikwenda kabla ya mapambazuko asionekane, akarudi na ndoo mkononi kwa sababu kichwani hakutaka. Halafu akaenda kwa baba mdogo, akaazima baiskeli, akafunga dumu huku na dumu kule, akasukuma kilimani. Wanawake waliokuwa njiani walimcheka sana. Baadaye waliacha kucheka, wakawa wanayatazama madumu. Kwa safari moja alileta maji ambayo mimi niliyaleta kwa siku nzima. Nimelifikiria jambo hilo kwa zaidi ya miaka arobaini na bado linaniuma. Kazi ilipohamia kwa mwanamume, ilipata baiskeli. Na baiskeli ile ilikuwa imeegemea ukuta wa baba mdogo miaka yote niliyopanda kilima kile na ndoo kichwani. Hakuna aliyeninyima. Hakuna aliyewaza.

Kupukuchua mahindi kulichukuliwa na bibi, mama yake baba, pamoja na kuwatunza wadogo zangu wawili, ambao aliwalaza mgongoni na miguuni pake. Bibi hakuwahi kukaa darasani, ila alikuwa mkunga, na nusu ya kijiji ilipitia mikononi mwake. Sharti lake lilikuwa moja: nisome kwa sauti. Nilisoma kuhusu figo, yeye akapukuchua. Nilisoma kuhusu mapafu, akaitikia. Nilipofika kwenye uzazi, mikono yake ilisimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie sehemu ya kondo la nyuma. "Hapo yuko sawa," akasema. Sehemu nyingine akasema, "Aliyeandika hapo hajazalisha." Aliniambia dalili za mama anayepoteza damu ndani kwa ndani, kabla damu haijaonekana: midomo inavyokauka, anavyotafuta hewa, anavyoanza kusema hovyo. Miaka miwili baadaye mwalimu wa ukunga alituandikia dalili zile zile ubaoni.

Mwenzangu alikuwa kifungua mimba. Baba yake alifanya kazi kwenye chai na alirudi mara chache. Mama yake alikohoa tangu mvua za mwaka ule, akawa hawezi tena kushuka chemchemini. Chini ya mwenzangu walikuwa watoto wanne, wa kwanza wao ana miaka tisa. Nyumba nzima ilisimama juu ya mabega yake, na hakuna aliyekaa nje akichonga mpini ambaye angeweza kumwambia, "Maji achote fulani."

Tulijaribu. Kaka alikubali kuwapelekea dumu moja kila alipopita kwao. Mama yangu aliwapikia mara kwa mara. Lakini maji yalikuwa kazi moja kati ya nyingi, na saa alizozipata zilikuwa vipande vipande. Masomo yetu ya pamoja yalikuwa ya Jumamosi, tulipokwenda kutafuta kuni msituni. Mimi nilisoma daftari tukitembea, yeye alirudia. Nilimpa hesabu, akazifanya kichwani, na alinishinda kwa mbali. Lita moja ya dripu, saa nane, matone 20 kwa kila mililita: matone mangapi kwa dakika? Mimi nilihitaji penseli. Yeye alitembea hatua kadhaa na mzigo wake wa kuni, akasema, "Arobaini na mbili, kasoro kidogo." Mganga wa zahanati aliposikia, alimwita siku moja amjaribu mwenyewe, kisha akaniambia faraghani kwamba kichwa kama kile hakijawahi kupita pale zahanati.

Alichokosa ni Kiingereza. Kiingereza hakifanyiki kwa kutembea na kuni. Kinataka uketi, uandike, usahihishwe, uandike tena. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alijitolea kutusomea imla jioni, kwake. Mimi nilikwenda kila siku aliyoita. Mwenzangu alikuja siku ambazo mama yake aliamka na nguvu. Alifika amechelewa, na moshi wa jiko bado uko kwenye kitenge chake, akaomba asomewe sentensi zilizompita.

Mafuta ya taa yalizidi kuadimika kadiri miezi ilivyokwenda. Vita vilikula fedha, bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka ule ule, na duka la kijiji likawa linapimia kila kaya kidogo sana, pengine hakuna kabisa. Tulikizima kibatari mara tu ugali ulipoonekana kwenye sahani. Kwa hiyo mchana ndio uliokuwa na thamani, na mchana ndio niliopewa. Nasisitiza hili kwa sababu wasichana wanaonijia husimuliwa habari za watu waliosoma kwa mwanga wa mbalamwezi wakawa madaktari, wakadhani bidii ya usiku inatosha. Mimi nilisoma juani, kwenye benchi la zahanati, na ndani ya muda huo huo mtu mwingine alikuwa akifanya kazi yangu.

Agosti ilifika na baridi yake. Tulisafiri mimi na mwenzangu juu ya lori lililopakia magunia ya pareto, tumejifunika blanketi moja, tukalala sakafuni chumbani kwa mama mdogo. Mwenzangu alikuwa amemwachia jirani mama yake na wadogo zake kwa siku mbili. Usiku alihesabu kwa sauti ya chini nani atapika nini lini, na mimi nikidhani anarudia mifupa.

Mtihani ulifanyika kwenye bwalo la hospitali. Walikuja wasichana kutoka Mbeya, kutoka Songea, kutoka Iringa mjini, wengine wamevaa viatu vya kufunga kamba. Maswali yalikuwa yamepigwa sitensili na herufi nyingine zilifutika, ikabidi msimamizi azisome. Hesabu ilianza. Kulikuwa na asilimia, kulikuwa na kubadili Farenhaiti, kulikuwa na swali la kuchanganya dawa ya kuoshea sakafu, moja kwa mia. Niliposoma swali la vidonge nilitaka kucheka kwa furaha. Mwenzangu aliweka kalamu chini mapema, akakaa ameikunja mikono mezani.

Katika Kiswahili tuliandika insha juu ya usafi wa kijiji. Katika Sayansi tulichora moyo. Kiingereza kilikuja mwisho, na sehemu kubwa yake ilikuwa imla. Aliyeisoma alikuwa Sista wa Kizungu, mwenye matamshi ambayo hata mimi niliyezoea imla ya mwalimu wetu niliyafuata kwa shida. Nilisikia kalamu ya mwenzangu ikienda, ikisimama, ikienda, kisha ikisimama muda mrefu.

Alasiri ilikuwa usaili. Tulikuwa tumejiandaa kwa swali la kwa nini unataka uuguzi, na kila mmoja alikuwa na jibu lake la kulitumikia taifa na wagonjwa. Sista mkuu hakuuliza hivyo. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi, Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayejua nyumba zetu. Aliniuliza mtu akitapika wakati nimeitwa kwenda kula nitaanza na lipi. Aliniuliza kama naogopa maiti. Kisha akauliza, "Leo uko hapa. Nyumbani nani anachota maji?"

Nikamwambia ni kaka yangu, kwa baiskeli. Aliinua uso, akaniangalia vizuri, akaandika kitu. Baadaye, nilipokuwa mwanafunzi, niliielewa sababu ya swali lile. Kila mwaka wasichana kadhaa waliitwa nyumbani katikati ya masomo, mama anaumwa, mavuno yamefika, hawakurudi. Chuo kiliwapoteza, na nafasi zao zilikuwa zimeshakosekana kwa wengine. Sista alitaka kujua ni nyumba gani imekwisha kumwachia binti yake. Kwa upande wa chuo lilikuwa swali la busara. Kwa upande wa msichana lilikuwa kumhukumu kwa jambo ambalo hakulichagua, na sijawahi kukubali kwamba lilikuwa la haki.

Juu ya lori, wakati wa kurudi, mwenzangu alinisimulia kwamba naye aliulizwa. "Ulijibu nini?" "Nilimwambia kweli. Nilimwambia ni mimi, Sista. Leo hakuna."

Barua zilikuja kwa sanduku la posta la parokia mwezi wa kumi, na katekista alinisomea yangu mlangoni pa kanisa. Ya mwenzangu ilikuwa fupi. Aliikunja, akaniambia niende nikamwambie bibi kwanza kwa sababu bibi anasubiri. Januari nikaanza masomo. Kaka alinisindikiza hadi kituoni na sanduku langu la bati kwenye baiskeli ile ile, na baada ya hapo aliendelea kuchota maji ya mama, ingawa baba alikuwa amesema mpaka mtihani upite tu.

Miaka ya chuoni siisimulii hapa. Nilihitimu, nikafanya kazi wodi ya watoto, kisha nikahamia kazi ya afya ya mama na mtoto, ile ya kuzunguka vijijini. Kuanzia 1983 mkoa wa Iringa, na Njombe ilikuwa bado wilaya yake, ulikuwa na mradi mkubwa wa lishe, wa serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulianza katika vijiji 168. Kila kijiji kilichagua wahudumu wake wa afya, wakafundishwa, na kila miezi mitatu watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito. Uzito uliandikwa kwenye kadi yenye rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Kisha serikali ya kijiji iliketi na kuulizana kwa nini mtoto wa fulani ameingia kwenye nyekundu, na nani atafanya nini. Nimeona miradi mingi tangu wakati huo. Ule uliwafanya wazee wa kijiji wajadili kikaoni saa za kazi za akina mama, kwa sababu ilionekana wazi kwamba mtoto anayelishwa mara mbili kwa siku ana mama aliyeko shambani na chemchemini tangu alfajiri. Sikuwahi kusikia wanaume wakilijadili hilo hadharani kabla ya hapo.

Mwaka 1986 zamu ya ukaguzi ilinifikisha kijiji cha pili kutoka kwetu, alikoolewa mwenzangu. Nilijua yuko huko. Sikujua kwamba ndiye mhudumu wa afya. Nilimkuta chini ya mti, mizani imening'inia kwenye tawi, mstari wa akina mama unafika barabarani. Kabla ya kila mtoto alitundika suruali ya kupimia ikiwa tupu, akarudisha sindano kwenye sifuri, ndipo akampokea mtoto. Alisoma uzito kwa sauti, akamtajia mama tofauti na uzito wa mara iliyopita kabla ya kufungua daftari, kisha akafungua daftari kuhakikisha. Nilikaa kando nikakagua kadi zake. Nukta zote zilikuwa mahali pake. Mistari yote ilikuwa imeunganishwa. Kwenye kadi ya mtoto mmoja aliyeshuka mara tatu mfululizo alikuwa ameandika kwa herufi ndogo pembeni: mama yake anauguza mkwe, hana wa kumsaidia maji.

Tulisalimiana mstari ulipokwisha. "Kamwene," akasema, tukashikana mikono muda mrefu. Mama yake alikuwa amefariki mwaka 1981. Wadogo zake wote wanne walikuwa hai, wawili shuleni.

Nilirudi wilayani nikaandika barua kuomba apelekwe kwenye kozi ya miezi 18 ya wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, ambayo nayo ilipokea darasa la saba. Niliambatisha nakala za daftari lake. Niliandika kwamba nimekagua kadi za vijiji vingi na sijaona kazi safi kama ile. Jibu lilichukua miezi, nikalipeleka mwenyewe. Liliandikwa kwa heshima. Lilisema umri wake umepita kiwango kinachotakiwa.

Alilisoma akiwa amesimama, mtoto wake wa pili mgongoni. Akanirudishia.

"Basi, dada, kama hilo haliwezekani," akasema, "mniletee mizani nyingine. Hii sindano yake inakwama kwenye kilo nane, na nina watoto kumi na watatu wa kilo nane."

Nilimletea mwezi uliofuata.